Mita Tatu na Kidogo

Betri ikizeeka ndani ya redio hutoa unga mweupe, na unga huo una harufu yake. Ni kali, inakaa nyuma ya ulimi, na ukishaijua hutaisahau. Niliikuta tena mwezi uliopita nilipofungua sanduku la baba kule Bugwema, siku chache baada ya kumzika. Redio ilikuwa chini kabisa, imeviringishwa kwenye shati lake la kanisani, na betri zilikuwa zimeyeyukia humo humo. Nikakaa kitandani kwake nimeishika mapajani, na nguo nilizokuwa nazipanga nikaziacha vile vile.

Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya redio moja unaijua hiyo harufu. Unajua kuzianika betri juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, na unajua kuzing'ata kwa meno zikigoma kabisa. Kwetu kazi ya kuanika ilikuwa yangu. Asubuhi nilizipanga juu ya jiwe la kusagia, mchana nikazigeuza kama mtu anavyogeuza dagaa, na jioni kaka yangu Masatu alizirudisha ndani, akafunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, na nyumba ikapata sauti.

Masatu alikuwa mtoto wa kwanza na mimi wa mwisho. Wa katikati yetu mama aliwazika wakiwa wadogo. Masatu alikuwa mrefu, mwenye kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, alilolipata akiifungua redio hiyo hiyo kwa kisu cha jikoni. Alikuwa kidato cha nne, na fizikia ilikuwa imemkaa kichwani hata wakati wa kula. Alinifundishia hesabu kwenye ukuta wa jiko kwa kipande cha mkaa. Mama alipaka ukuta ule udongo upya kila tulipoujaza, wala hakunung'unika, kwa sababu alipenda kutuona tumechuchumaa pamoja pale.

"Stesheni ya Musoma iko namba ngapi?" aliniuliza siku moja.

"Tisini na sita."

"Haya, chukua mia tatu, gawanya kwa tisini na sita. Utapata urefu wa wimbi lake kwa mita."

"Kwa nini mia tatu?"

"Mwendo wa redio huo. Mita milioni mia tatu kwa sekunde moja. Na ile tisini na sita ni mawimbi milioni tisini na sita kwa sekunde hiyo hiyo. Milioni kwa milioni zinaondoka, zinabaki namba ndogo. Gawanya."

Nikagawanya. Ikaenda mara tatu, ikabaki kumi na mbili, nikashusha sifuri, nikaendelea mpaka mkaa ukaisha: tatu nukta moja mbili tano. Mita tatu na kidogo. Nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikaipima kwa rula yangu ya shule, na wimbi la Musoma likatoka kwenye dirisha la redio likaishia kwenye banda la kuku. Sikuamini kwamba kitu kinachosema habari za nchi nzima ni kifupi hivyo. Tulipofanya hesabu ya ile stesheni kubwa ya mbali, ambayo namba yake ilikuwa ya kilohezi mia sita, tulipata mita mia tano, yaani kutoka kwetu mpaka kanisani.

"Hili refu ndilo linasikikaga mpaka nchi za watu," Masatu akasema. "Haya mafupi ni ya hapa hapa."

Nililishika neno hilo. Mtoto wa kando ya ziwa habahatishi habari za mawimbi. Yale mafupi yanayorukaruka karibu na mawe tulikuwa tunayaona kila siku; hayana safari, yanazaliwa hapa na kufa hapa. Wimbi refu, lile linalokuja limeinama taratibu bila povu, wavuvi walituambia limetoka mbali, pengine kwenye mvua iliyonyesha ng'ambo tusikokujua. Kwa hiyo mimi niliona dunia ya redio imekaa hivyo hivyo, na hakuna aliyenikosoa kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuamkiwa njiani. Nyumbani alikuwa na fimbo. Sitaizungumza sana fimbo ile. Wengi wenu mliiona kwenu, na mama zenu walisema wameanguka kisimani. Mchana mmoja alimnyanyulia mama fimbo hiyo kwa sababu ya chakula kilichochelewa, na Masatu, aliyekuwa amekaa kwenye kizingiti anasoma, akainuka akaidaka ikiwa hewani.

Hawakupigana. Walisimama tu, mikono miwili kwenye fimbo moja.

"Umenishika mkono?" baba akauliza.

"Nimeshika fimbo, baba."

"Umenishika mkono. Mji huu usiukanyage tena. Usiukanyage mpaka mimi nikuite."

Kwetu neno la baba kama hilo halina rufaa. Mama alimsindikiza hadi barabarani, mimi nikiwa nyuma nimebeba viatu vyake vya shule ambavyo hakuvihitaji tena. Alivipokea, akavitazama, akanirudishia. Akaniambia nisiache betri nje mvua ikinyesha. Kisha akaenda, na baadaye tukasikia kwa watu kwamba yuko visiwani, anavuta nyavu za dagaa.

Tangu hapo mama alianza kusikiliza matangazo ya vifo. Mnayajua: saa yake ikifika mwenye nyumba anasema nyamazeni, na mtangazaji anaanza kwa sauti ile isiyopanda wala kushuka. Familia ya fulani inasikitika kutangaza. Mazishi yatafanyika mahali fulani. Habari ziwafikie fulani aliyeko Mwanza, fulani aliyeko Tarime, fulani popote pale alipo. Majina ya wa kufikiwa ndiyo yalikuwa kiini cha tangazo. Aliyetajwa alikuwa ameitwa mbele ya watu wote, na aliacha jembe shambani akaondoka. Mama alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, kiganja mdomoni, akiogopa kusikia jina la mwanawe kwenye upande wa marehemu. Tangazo la mwisho likipita alishusha pumzi, akarudi jikoni.

Badala yake alikufa yeye. Tumbo lilimuuma wakati wa palizi, akalivumilia kama alivyovumilia mengine, na walipomfikisha hospitali Musoma ilikuwa imechelewa. Alirudi kwa gari la kukodi, amefunikwa shuka isiyo yetu. Nakumbuka harufu ya shuka ile, sabuni kali ya hospitali, na nakumbuka nilikasirika kwamba mama hanuki moshi.

Shangazi Nyamisi, dada yake baba, ndiye aliyeishika nyumba. Alitoa betri kwenye redio, akaigeuzia uso ukutani.

"Msiba hauna redio," akasema.

Kisha alivaa vizuri, akapanda gari la kwanza kwenda Musoma kupeleka tangazo. Kabla hajaondoka baba alimwita nyuma ya nyumba, wakaongea kwa sauti ya chini, nami nikafikiri wanaongelea turubai. Jirani wote walikuwa kwetu tayari, chini ya hilo turubai, na hakuna aliyehitaji redio ili ajue. Tangazo lilikuwa la watu wa mbali. Na kwangu wa mbali alikuwa mmoja.

Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Hilo halikuhitaji kusemwa. Kaburi lilichimbwa kando ya migomba, na jioni ile shangazi akarudi, akasema tangazo limesomwa na litasomwa tena asubuhi. Nikaenda kukaa pale njia inapotokea, na kila mrefu aliyekuja nilimwinukia.

Kesho yake mazishi yalisogezwa kutoka asubuhi mpaka mchana, kisha kutoka mchana mpaka jua lipungue. Joto lilikuwa kali. Wanawake walibadilisha majani pembeni ya jeneza wakawa wanatazamana, na mimi nilielewa kwa nini wanatazamana. Katekista alikuja mara ya pili kumwambia baba kwamba mwili hauwezi kungoja zaidi. Chini ya turubai maneno yakaanza.

"Amefikiwa huyo. Redio imesema jana, imesema leo."

"Huko visiwani wanashindaga na redio shingoni."

"Basi. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Mtoto wa kwanza gani huyo? Mtu ana mama wawili?"

Wakati huo ndipo hesabu ilipokuja. Sijui ilitoka wapi katikati ya vilio, lakini ilikuja kamili. Nikaingia jikoni, nikapata mkaa, na kwenye ukuta ule mama alioupaka kwa mkono wake nikaandika mia tatu, nikagawanya kwa tisini na sita. Tatu nukta moja mbili tano. Mita tatu na kidogo. Kati ya Musoma na visiwa kuna ziwa zima, lenye mawimbi yake, na wimbi fupi kama lile lilikuwa limemezwa kabla halijatoka gatini. Masatu hakusikia. Hakuweza kusikia. Moyo wangu ulipata nafasi, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Nilimwambia shangazi, akanivuta kichwa kifuani kwake, akasema, "Nyamaza, mwanangu." Nikawaambia wanawake wa jikoni, wakasema mtoto amechanganyikiwa. Mwishoni nikaenda kwa baba mwenyewe. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, kofia gotini, wazee kulia na kushoto.

"Baba," nikasema, "kaka hajakataa. Hajasikia. Wimbi la Musoma ni fupi, mita tatu tu. Haliwezi kuvuka ziwa."

Wazee walitabasamu kwa huruma. Baba hakutabasamu. Alinitazama, macho yake yamekauka, kisha akaniwekea mkono kichwani, mkono uliokuwa mzito sana.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Lilikuwa fupi."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu baba kukubaliana na mimi mbele ya watu. Nilitoka pale nimenyooka. Alipoinuka na kutupa udongo wa kwanza mwenyewe, sikuona ubaya. Niliona kwamba tunamwekea Masatu nafasi yake, na kwamba mimi na baba ndio tunaojua ukweli.

Miaka iliyofuata nilipigana kwa ajili ya hesabu hiyo. Kijijini jina la kaka yangu liligeuka kuwa mfano. Mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani aliambiwa usiwe Masatu. Mimi nilijibu kwa namba. Niliirudia hesabu kwenye mchanga, kwenye majani ya mgomba kwa mwiba, nyuma ya daftari. Kila mara ilitoa jibu lile lile, na kila mara kaka yangu alitoka hana hatia.

Nilipofaulu kwenda sekondari nilipangiwa Bunda, nikakaa Nyasura kwa shangazi huyo huyo, ambaye alikuwa ameolewa huko. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana mpole anayefuta ubao kwa kiganja. Alipofika kwenye mawimbi ya redio akaandika kanuni, mwendo gawanya kwa marudio, nami nikacheka peke yangu kwa furaha. Akatoa mfano, nikajibu kabla hajamaliza kuuandika.

"Vizuri sana. Nani alikufundisha?"

"Kaka yangu, sir." Nikaona nimepewa uwanja, nikaendelea. "Ndiyo maana redio ya Musoma haisikiki visiwani. Wimbi lake ni fupi, haliwezi kuvuka ziwa."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, hakutaka kuniaibisha.

"Hapana. Urefu wa wimbi ni hatua moja tu. Hatua yako wewe haifiki hata mita, lakini si unatoka Bunda unafika Butiama? Unapiga nyingi." Akachora mstari wa bluu ubaoni. "Na hayo mafupi yanazuiliwa na milima. Juu ya maji hakuna mlima. Juu ya maji ndiyo yanapita vizuri zaidi. Huko visiwani wanaisikia Musoma kuliko sisi hapa."

Aliendelea kufundisha, na mimi niliendelea kuandika, mkono ukitembea wenyewe. Kwa hiyo alisikia. Alikuwa na redio shingoni kama walivyosema, akasikia jina la mama, akaendelea kuvuta nyavu. Wale wa turubai walikuwa sahihi na mimi nilikuwa mtoto. Jioni nilimwambia shangazi kwamba sina kaka. Alikuwa anachambua mchicha. Alifungua mdomo, akaufunga, akaendelea kuchambua. Nikamchukia Masatu kwa nguvu zote nilizokuwa nimemtetea nazo, na chuki hiyo nilikua nayo, nikaolewa nayo, nikahamia nayo Kigera nilipo sasa.

Baba amekufa mzee, usingizini, kifo ambacho watu husema ni cha heri. Asubuhi yake mimi na shangazi tulikwenda stesheni ya redio mjini, ile ile ya tisini na sita. Siku hizi watu hutuma habari za msiba kwa simu, lakini wazee wetu hawahesabu mtu kuwa amezikwa sawasawa kama hakusomwa redioni. Binti wa mapokezi alituandikia. Jina la marehemu, mahali pa mazishi, namba ya simu ya kuuliza, ambayo ilikuwa yangu.

"Na habari ziwafikie nani na nani?"

Nikaanza kutaja baba wadogo. Shangazi akanishika mkono.

"Anza na Masatu," akasema.

"Wa nini huyo? Alitajwa kwa mama, akaja?"

"Hakutajwa."

Binti aliacha kuandika. Shangazi alikuwa anatazama sakafu.

"Nilisimama hapa hapa," akasema. "Baba yako aliniambia nyuma ya nyumba, wataje wote, yule usimtaje, sijamwita. Alikuwa kaka yangu mkubwa. Nikawataja wote."

Nilikuwa nausikia ule mkono kichwani kwangu, uzito wake wote, na ile sauti ikisema ndiyo, mwanangu. Baba alikuwa amepata kwa mtoto wake maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameyafikiria. Nikamwambia binti aandike Masatu wa kwanza, popote pale alipo. Tangazo likasomwa jioni ile, na tena asubuhi.

Tulimzika baba bila mtoto wake wa kwanza; udongo wa kwanza niliutupa mimi. Simu ilikuja siku mbili baadaye, wakati watu wanakunja turubai. Ilikuwa sauti ya mwanaume mtu mzima, yenye upepo nyuma yake.

"Dada, samahani kwa msiba. Huyo Masatu mliyemtaja, ni yule mrefu? Mwenye kovu kidole gumba?"

Nikasema ndiye. Nikaketi kwenye ngazi.

"Sisi tulimwitaga Mita. Jina lake aliniambia mimi tu. Dada, Mita tulimzika zamani huku. Ziwa liliwachukua yeye na wenzake, tukampata yeye. Kwao hatukupajua, hakusemaga. Tulimtangaza redioni kwa jina hilo hilo la Mita."

Huenda tangazo hilo nililisikia nikiwa jikoni. Matangazo ni mengi, na wavuvi wasiojulikana kwao ni wengi. Nilimuuliza jambo moja tu, kama anakumbuka siku ya tangazo la mama yetu.

"Nakumbuka. Saa ya vifo alikuwaga anatunyamazisha wote, hakosi hata siku. Siku hiyo wakasoma jina la mama yake, lipi kati ya yale mengi hakutuambia. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho wa majina, akakaa. Tukamwambia panda boti, uende. Akasema ngoja, kuna la asubuhi. Asubuhi wakasoma tena. Akasema, sijaitwa." Upepo ulichukua maneno kidogo, kisha akarudi. "Hakula siku hizo. Na hata baadaye, dada, hakuacha. Kila siku akisikia wanaanza majina, anasogea karibu na redio."

Nilimshukuru. Ile hesabu nimeirudia hapa nikiandika, nayo bado ni sahihi. Wimbi lilifika, lilipita juu ya maji bila kizuizi, likamkuta amesimama.

Kesho yake nilirudi stesheni. Shangazi alinifuata bila kuitwa, akakaa kwenye benchi la nje, sikumwambia aingie wala aondoke. Binti wa mapokezi alikuwa yule yule, akanipa pole akidhani nimekuja kwa ajili ya shukrani. Nikamtajia jina la marehemu, lote, na la mama yake. Akauliza mazishi yatafanyika wapi, nikamwambia yalishafanyika. Akaandika, akainua kichwa.

"Na habari zimfikie nani?"

Nikamtajia jina langu.